Maji Yalisingiziwa

Nilipomwambia mama kwamba naenda kupiga kambi Mlima Kenya na marafiki zangu wa shule ya msingi, aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea mchele, akaniangalia kama mtu aliyesikia vibaya.

"Kambi?"

"Ndio, kambi."

"Si tumetoka kambi juzi?"

Hakuwa anatania. Ilikuwa Februari 2024. Novemba iliyotangulia, mvua za El Niño ziliponyesha kule bara bila breki, Tana ulipanda ukaingia mashambani, ukaingia nyumbani, ukakata barabara, na mama akaishi wiki kadhaa chini ya turubai pale penye mwinuko, yeye na kuku wanne na televisheni iliyofungwa kwa leso. Kwake yeye kambi ni mahali unapokwenda maji yakikufukuza. Kwamba mtu mwenye paa na godoro atoe pesa zake akalale ndani ya turubai kwa hiari, tena kwenye baridi, hilo lilimshinda kabisa.

"Na huko mlimani mtakula nini?"

"Indomie."

Akarudi kwa mchele wake.

Nimelifikiria sana hilo swali lake tangu siku ile, kwa sababu Kiswahili hakitupi neno lingine. Kambi ya jeshi ni kambi. Kambi ya wakimbizi ni kambi. Vijana wa Nairobi wakienda na mahema yao ya rangi ya machungwa kupiga picha za machweo, hiyo nayo ni kambi. Halafu kuna ile nyingine. Ukisema unatoka Hola, mtu yeyote aliyekaa darasani siku ya somo la historia ataikumbuka kabla hajakuuliza jina. "Hola? Hola ya Mau Mau?" Ndio, hiyo. Tuna duka za simu pia, na maembe.

Tulikuwa wanne, wote darasa moja. Mwalimu, ambaye kweli ni mwalimu, anafundisha upande wa Garsen. Daktari, ambaye si daktari bali ana duka la dawa, na akina mama wote wa mtaa wanamwita hivyo mpaka amezoea. Kapteni, aliyekuwa kapteni wa timu yetu ya mpira na sasa anaendesha lori kati ya Malindi na Garissa. Na mimi, niliyeacha chuo mwaka wa tatu (hadithi ndefu, si ya leo) na sasa nalipwa kwa maneno: leo makala ya faida za parachichi, kesho jinsi ya kuchagua godoro. Mimi na Mwalimu ni Wapokomo. Kapteni ni Muorma. Daktari ukimuuliza kabila atakuambia yeye ni wa Hola, basi. Mwaka 2012, wakulima na wafugaji walipouana kule Delta na watu zaidi ya 100 wakafa, sisi tulikuwa na miaka kumi na minne, na wazazi wa pande zote walituambia tusikae dawati moja. Tulikaa. Hatukuwa mashujaa. Madawati yalikuwa machache.

Hatukuwa tumekutana wote wanne kwa miaka sita. Wazo la mlima lilikuwa la Daktari, aliyeona video ya Ziwa Ellis kwenye simu: maji meusi, majani ya njano, ukungu ukitembea juu yake kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mimi nilikubali haraka kuliko wote, na sababu yangu sikuwaambia mpaka tulipofika juu.

Sababu yenyewe ni hii. Mlima Kenya una migongo, na kila mgongo unapeleka maji yake mahali tofauti. Mvua ikinyesha upande wa Nanyuki na Naro Moru, maji yanakwenda kaskazini, yanaingia Ewaso Ng'iro na kupotelea kwenye ukame. Ikinyesha upande wa kusini na mashariki, Embu, Chuka, Chogoria, maji yanashuka kwa Thiba na Rupingazi na Nithi na wenzao, na hatimaye yanaingia Tana. Na Tana, baada ya mabwawa yake ya umeme na kilomita mia kadhaa za vumbi, unapita nyuma ya nyumba ya mama yangu. Watu wa Hola tunajua jambo hili bila kusomeshwa. Unaweza kuwa umekaa chini ya mwarobaini, anga ni safi, hakuna hata wingu la kusingizia, na mto ukaanza kupanda. Wazee husema tu: bara kumenyesha. Nilitaka kuona huko "bara kumenyesha" panafananaje. Nilitaka kulala mahali maji yetu yanapoanzia.

Kwa hiyo tulipanda matatu ya Embu kutoka Nairobi, tukapita Chuka, tukashuka Chogoria, na hapo tukakodi Land Cruiser kuukuu na dereva wake. Huko juu barabara ni matope na mizizi, na gari la kawaida halifiki. Dereva alikuwa mtu wa pale pale, mzee wa makamo, mcheshi. Akatuuliza tunatoka wapi. Kapteni akamwambia Hola. Yule mzee akanyamaza kwa kona mbili nzima.

"Kumbe Hola ni mahali," akasema mwishowe. "Mimi nilidhani ni jina la kile kisa. Sikujua kuna watu wanaishi."

Tulicheka, lakini hakuna aliyeongea tena mpaka tulipoingia kwenye mianzi.

Msitu ule unaanza ghafla. Unatoka kwenye chai na migomba, na mara miti imefunga juu yako na mchana umegeuka jioni. Kwenye ukingo wa msitu huu, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwatoa wanakijiji, wengi wao wanawake, ikawachimbisha handaki la takriban kilomita 80 kuutenga mlima na vijiji. Likafukiwa miti iliyochongwa ncha, ili anayetoka msituni kutafuta chakula asipite na anayempelekea chakula asifike. Juu, kuanzia mwishoni mwa 1953 hadi katikati ya 1955, ndege za Lincoln za jeshi la anga la Uingereza zikawa zinaangusha mabomu ndani ya miti. Upande huu wa mlima ulikuwa wa Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, mpaka alipokamatwa Januari 1954. Nyandarua, ng'ambo, alikuwa Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957.

Siku hizi tunasoma majina hayo kwenye mabango ya barabara za mjini. Ukiwa ndani ya ule msitu unasoma kitu kingine: baridi. Tulikuwa na mahema, mifuko ya kulalia ya kukodi, jiko la gesi, soksi mbili mbili, na saa mbili usiku wanaume watatu na mwanamke mmoja tulikuwa tumejazana hema la watu wawili tukitetemeka kama vifaranga. Hola iko chini ya mita 100 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Ellis liko karibu mita 3,450. Mwili wa mtu wa Tana haujajengewa hayo. Sasa fikiria kulala huko miaka, bila hema, bila moto wa kuonekana mchana kwa sababu moshi unaita ndege. Kwa hao, ukungu haukuwa wa kupigia picha. Ulikuwa mlango wao wa kufungwa.

Na ulikuwa umeshuka kweli. Tuliposimamisha mahema saa kumi ziwa lilikuwa pale, hatua thelathini. Saa kumi na moja halikuwepo. Daktari alitoka kwenda kujisaidia akapotea kwa dakika kumi akizunguka mahema yetu mwenyewe, akiita, sisi tukimwitikia, sauti zikitoka kila upande. Noma sana. Alirudi akiwa amekasirika, kana kwamba tulikuwa tumelificha hema.

Hapo ndipo nilipowapa hadithi ya Waitaliano.

Mwaka 1943 upande wa pili wa mlima huu, Nanyuki, kulikuwa na kambi nambari 354 ya mateka wa vita. Ndani yake kulikuwa na Felice Benuzzi, ofisa wa utawala wa Kiitaliano aliyekuwa Addis Ababa mpaka Waingereza walipoiteka. (Tusimpambe sana: alikuwa mkoloni wa kwao, aliyekamatwa na wakoloni wa kwetu.) Alikuwa amechoka. Si kuteswa, kuchoka, kule kuchoka kwa mtu ambaye kila siku ni Jumapili mbaya. Asubuhi moja mawingu yakafunguka akauona mlima, na akaamua atatoroka, apande, halafu arudi. Kwenda kokote kwingine hakukuwa na maana, kwa maana nchi huru kwake zilikuwa mbali mno. Akampata daktari, Giovanni Balletto, na wa tatu, Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpandaji wala afya yake haikuwa nzuri. Wakageuza nyundo kuwa shoka za barafu. Wakatengeneza meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu kutokana na vyuma chakavu. Kamba wakazipata kwenye katani ya vitanda. Ramani hawakuwa nayo, ila kopo la nyama la Kenylon lilikuwa na picha ya mlima kwenye lebo, ikawa ndiyo ramani.

Wakatoka tarehe 24 Januari 1943. Batian, kilele kikubwa cha mita 5,199, kikawashinda. Theluji na ukungu viliwarudisha. Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia, wakashuka. Na baada ya siku 18, njaa imewamaliza, wakajirudisha wenyewe kambini.

"Wakarudi?" Kapteni akauliza. "Kwa miguu yao?"

"Kwa miguu yao."

"Hao walikuwa wazimu."

"Wakapewa nini?" Daktari akauliza.

Wakapewa siku 28 za kufungiwa peke yao. Halafu mkuu wa kambi akaona kwamba walichofanya ni uanamichezo, ni uanaume wa kupendeza, akapunguza. Wakakaa siku 7. Benuzzi akaandika kitabu, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1952, mwaka ule ule wa Hali ya Hatari. Yaani wakati wasomaji wa London wanafurahia hadithi ya mateka aliyetoroka kwenda kujificha kwenye misitu ya Mlima Kenya, serikali yao ilikuwa inajiandaa kuwapiga mabomu watu waliojificha kwenye misitu hiyo hiyo.

Najua mtu atasema si kitu kimoja. Ni kweli. Mateka wa vita wana mkataba wa kimataifa unaowalinda. Waliokamatwa chini ya Hali ya Hatari hawakuwa na mkataba, na wengi hata mahakamani hawakufikishwa. Waitaliano hawakuwa wameua mtu Nanyuki. Lakini ukiondoa maneno ya sheria unabaki na swali dogo: mfungwa anapokataa kuwa mfungwa, nani anaitwa mwanamichezo na nani anaitwa sugu?

Hola ndiko walikopelekwa wale walioitwa sugu. Waliosalia baada ya wenzao kukiri, au kuchoka, au kuvunjwa, na kupitishwa kambi moja hadi nyingine kuelekea nyumbani. Walichaguliwa mahali pa joto, pa mbu, mbali na kila mtu wa kusikia. Watu waliozoea ukungu na baridi ya huku wakashushwa mpaka kwetu. Kulikuwa na mradi wa kunyunyizia mashamba maji kutoka Tana, na mradi ulihitaji mifereji, na mifereji ilihitaji mikono. Wale waliokuwa kwenye kambi ya ndani wakakataa kushika majembe. Hoja yao ilikuwa rahisi: sisi ni wafungwa wa kisiasa, hatukuhukumiwa kazi ngumu na mahakama yoyote. Kushika jembe kungekuwa kukiri.

Ofisa wa magereza, John Cowan, akaandika mpango. Wapelekwe kazini kwa nguvu, na wakikataa, washikwe mikono walazimishwe. Mpango wenyewe ulisema wapelekwe makundi madogo madogo. Tarehe 3 Machi 1959 mkuu wa kambi, Michael Sullivan, akawatoa watu 85 kwa mpigo, akawazungushia askari wenye marungu. Kipigo kiliendelea kwa saa kadhaa. Watu 11 walikufa. Makumi ya wengine waliumizwa vibaya. Mmoja wa waliopigwa wakazimia na kudhaniwa wamekufa alikuwa Wambugu wa Nyingi, ambaye zaidi ya miaka 50 baadaye alisimama na wenzake katika Mahakama Kuu ya London kuishtaki serikali ya Uingereza. Juni 2013 serikali hiyo ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa fidia kwa Wakenya zaidi ya 5,000.

Taarifa ya kwanza ya serikali haikutaja marungu. Ilisema wafungwa walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji.

Nilipofika hapo nilinyamaza, kwa sababu hilo ndilo jambo lililonitoa Hola likanifikisha kwenye lile hema. Maji. Maji ya Hola wakati ule yalikuwa Tana, na Tana ni Nithi na Thiba na Rupingazi na ukungu huu uliokuwa umelala juu ya turubai letu ukidondoka tone tone. Watu wa mlima waliuawa, na kesi ikabebeshwa maji ya mlima wao.

Nyanya yangu alikuwa na msemo. Watoto wa mjini wakija likizo na kugoma kunywa maji ya mtungi kwa sababu yana rangi, alikuwa anachota kikombe, anakunywa mbele yao mpaka tone la mwisho, anasema: "Maji haya hayajaua mtu." Sisi tulicheka kwa sababu ni uongo mtupu. Maji yale yameua watu wengi. Kuna mamba, kuna kipindupindu, kuna mafuriko. Alijua hivyo, alizika watu. Lakini alikuwa msichana mkubwa Hola mwaka 1959, na ile taarifa ya mkokoteni ilizunguka. Nilikuja kuisoma chuoni, maktaba, wakati nilipaswa kuwa darasa la takwimu, na nikamsikia nyanya sikioni waziwazi. Alishafariki. Sikuwahi kumuuliza, na hakuwahi kusema zaidi ya hapo.

Uongo wa maji haukudumu. Uchunguzi wa mahakama chini ya hakimu W. H. Goudie ulikuta kwamba vifo vilitokana na mshtuko na kuvuja damu kwa sababu ya kipigo. Hakuna aliyeshtakiwa. Sullivan alistaafishwa bila kupoteza malipo yake. Cowan, mwandishi wa mpango, alipewa nishani mwaka huo huo. Bungeni Uingereza, usiku wa manane wa tarehe 27 Julai 1959, mtu aliyeibana serikali kuliko wote alikuwa mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, akisema nchi haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Ndiyo, Powell yule yule ambaye mwaka 1968 angesimama kuwatisha Waingereza kuhusu wahamiaji weusi. Historia haikupangii mashahidi unaowapenda. Miezi michache baadaye Waziri wa Makoloni alikuwa mwingine, Iain Macleod, na Januari 1960 Waafrika walikuwa wamekaa mezani Lancaster House.

"Siku 7 kwa wale watatu," Daktari akasema gizani. "Na sisi, 11, kwa kukataa jembe."

"Sisi?" Mwalimu akauliza.

"Eeh, sisi."

"Sisi nani? Wale walikuwa watu wa huku. Waliletwa kwetu kwa lori. Sisi hatukuua, hatukuuawa. Tulikuwa pale tu."

Nilitaka kumjibu, nikakosa jibu. Mwalimu ni mtu mpole, lakini nadhani alikuwa na hilo kifuani tangu zamani. Akaendelea. Wageni wakija Hola, akasema, wanauliza makaburi. Wanapiga picha mnara, wanarudi Nairobi. Hakuna hata mmoja anayeuliza mto ulihamia wapi. Kwa wasiojua: ule mradi wa maji uliochimbwa na mikono ya wafungwa uliendelea baada ya uhuru, ukalima pamba, ukalisha familia nyingi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 Tana ulipobadilisha njia na kuziacha pampu zikinyonya mchanga. Pamba ikafa. Kizazi kizima kikakosa kazi. Mradi umefufuliwa baadaye, lakini babake Mwalimu alikuwa mmoja wa waliobaki na trekta lisilo na shamba, na hakuona ufufuo huo.

"Kwetu kisa kilichoua Hola ni hicho," akasema. "Lakini hakimo kwenye mtihani."

"Na ardhi waliyojenga kambi ilikuwa ya nani?" Kapteni akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei. "Babu yangu alikuwa ananywesha ng'ombe pale. Hakuna aliyemuuliza."

Basi ikawa hivyo. Waorma, Wapokomo, Wakikuyu wa 1959, kila mmoja na deni lake, na mto mmoja. Hatukuelewana na sitajifanya tulielewana. Nilitoa simu, ambayo betri ilikuwa asilimia 9, nikafungua orodha ya wale 11 niliyokuwa nimeihifadhi, nikaisoma. Kinyanjui Njoroge. Migwe Ndegwa. Mungai Githu. Wote mpaka mwisho. Wawili kwenye orodha niliyo nayo wameandikwa Kaman, bila u mwishoni, kana kwamba karani alikuwa na haraka. Kapteni akaomba nirudie. Nikarudia. Mwalimu hakusema kitu, lakini kwenye mara ya pili, nilipofika kwenye Kaman, alisema kwa sauti ya darasani: "Kamau." Na kwa wa pili tena: "Kamau." Mwalimu ni mwalimu.

Simu ikazima.

Baadaye, usingizi umekataa, Daktari akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa ile bembelezi ya Kipokomo ambayo mama zetu wote walituimbia. Unaijua hata kama hujui kwamba unaijua: wimbo wa taifa ulichukua sauti yake kutoka hapo. Desemba 1963, usiku wa uhuru, Kisoi Munyao alipeleka bendera ya Kenya mpaka Lenana, kilele kile kile cha Waitaliano, na huko chini Nairobi ulipigwa wimbo wenye sauti ya mama wa Tana akimlaza mtoto. Munyao alikufa 2007, maskini. Kapteni, ambaye bembelezi ya kwao ni nyingine, aliijua yote. Dawati moja, si unaona.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado, ila mwepesi, na kupitia kwake jua lilionekana kama sarafu ndani ya maziwa. Kichwa cha Mwalimu kilikuwa kinamuuma kwa sababu ya urefu, kwa hiyo wazo la kupanda zaidi tuliliacha. Tulitembea mpaka kwenye Nithi, ambao pale juu ni kijito tu, unaweza kuruka. Maji ni baridi mpaka yanauma meno. Mwalimu aliinama akanywa, akanawa uso, akakaa juu ya jiwe kwa muda mrefu akiangalia upande maji yanakoelekea. Mimi nilijaza chupa ya lita moja.

Niliibeba chupa ile Chogoria, Nairobi, Garissa, mpaka Hola, siku mbili, nikiilinda barabarani kama yai. Nilimpa mama nikamweleza: haya ni maji ya Tana, yametoka juu kabisa, kabla ya bwawa lolote, kabla ya mtu yeyote.

Akaiinua juu kwenye mwanga akaiangalia.

"Yaani umelipa nauli kuyaleta," akasema, "na huku yanakuja yenyewe?"

Halafu akayamimina kwenye sufuria, akaongeza majani na maziwa, na tukanywa chai.